Koti Ambalo Sikulikagua

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi. Mtu akikuuliza, "Ulilikagua hili koti?" nawe ukajibu, "Nimeandika hapo," je, umesema uongo?

Nililigeuzageuza siku tatu mfululizo. Kuandika niliandika kweli. Wino wa bluu, mwandiko wangu, kwenye kisanduku cha madoa: "Hakuna." Sikutamka neno ndiyo. Nilijitetea hivyo kitandani kama mtu aliye mbele ya hakimu, mpaka nikakumbuka kwamba hakuna aliyenishtaki. Aliyeshtakiwa alikuwa mtu mwingine, naye alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, akiingoja Ijumaa.

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, shahada ya mipango na maendeleo ya jamii. Kazi niliyoipata ilikuwa Mikumi, kwenye duka la kusafisha nguo kando ya barabara kuu. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mama, aliwahi kusimamia chumba cha kufulia cha hoteli moja ya watalii, akaacha na kufungua lake. Mashuka ya mahoteli tuliyafua kwa maji na sabuni. Suti, majoho na magauni ya harusi yaliingia kwenye mashine yake moja, kuukuu, inayosafisha kwa dawa bila maji. Drai klina ya kweli, alipenda kusema, siyo ya kuandikwa ukutani tu.

Nyumbani Kilosa nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ninafanya kazi na mahoteli. Ilikuwa kweli: kila asubuhi nilihesabu foronya zao. Yeye akaongezea ofisi. Baadaye nikasikia kwa majirani kwamba nina kiyoyozi. Sikumsahihisha. Kila nilipokwenda likizo nilivua aproni ya duka, ile ya bluu yenye maandishi ya kazi ya kusafisha nguo mgongoni, nikaikunja chini kabisa ya begi. Kwa hiyo nilikuwa na mazoezi. Nilijua muda mrefu jinsi ya kusema jambo la kweli likafanya kazi ya uongo.

Mama wa duka alinifundisha madoa kabla ya kunifundisha mashine. "Doa la mafuta ni rafiki," alisema. "Linajionyesha. Wewe ogopa sukari." Soda nyeupe, maji ya miwa, juisi ya ndimu vikimwagika kwenye nguo hukauka na kupotea. Dawa ya mashine haiyeyushi sukari. Sukari inataka maji. Nguo hutoka ndani ya mashine ikionekana safi kabisa, halafu ikikutana na pasi ya mvuke ile sukari inaungua palepale kwenye uzi, na doa la rangi ya chai linaamka ambalo hakuna anayeweza kulirudisha kulala.

Ndiyo maana kitabu chetu cha risiti kilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, hali ya nguo. Cha pili, madoa yanayoonekana. Cha tatu, neno la mwenye nguo. Unaipokea nguo, unaigeuza ndani nje, unaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha unamuuliza mwenyewe: ulimwagikiwa na nini, ulikula nini ukiwa umeivaa? "Na ukiona hamna kitu," Mama alisema, "hapo ndipo uulize mara mbili."

Kuuliza kulinishinda. Kwa vijana wenzangu niliuliza. Lakini mzee wa heshima anaingia, unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu papo hapo umuulize kama alijimwagia mchuzi? Kwetu hilo ni kama kumwambia mtu mzima kwamba hajui kula. Niliuma maneno, nikageuza swali kuwa salamu, mara nyingine nikajaza mwenyewe. Mara zote kabla ya ile, bahati ilinibeba.

Kulikuwa na kanuni nyingine pale, nayo haikuandikwa popote. Aliyeharibu nguo ndiye anayeirudisha. Anaibeba kwa mikono yake hadi kwa mwenyewe, anaieleza kwa mdomo wake. Hakuna kupiga simu. "Simu haina uso," Mama alisema.

Mtu aliyeijua kanuni hiyo vizuri alikuwa fundi wa pasi. Alikuwa amevuka miaka sitini, mtoto wa mkata mkonge, na ujanani alinyoosha sare za watu wa reli Kilosa kwa pasi ya mkaa, akinyunyiza maji kwa mdomo. Mama alimkataza mdomo, akampa chupa ya kupulizia. Aliitumia, lakini kila alipoiminya mashavu yake yalivimba yenyewe. Mimi aliniita Msomi.

"Msomi, hilo koti unalitundika kama unamnyonga mtu. Mabega kwanza."

"Nisamehe, fundi."

"Usiniombe mimi. Liombe koti."

Jumatatu ya wiki ile mtu aliyeingia dukani alikuwa mwalimu wangu.

Alinifundisha shule ya msingi, darasa la tatu hadi la saba, na nyumba yake na yetu zinatenganishwa na uwanja tu. Nilimwona anavuka barabara akiwa na mfuko mkononi, nikapandisha barakoa tuliyovaa kwa ajili ya harufu ya dawa. Niliipandisha hadi chini ya macho.

"Shikamoo," nilisema, kwa sauti nzito isiyo yangu.

"Marahaba, binti. Nimetoka Kilosa kwa ajili yenu. Madobi wetu wanataka kulitia maji, na hili halitaki maji."

Alilitoa kwenye mfuko. Koti la sufu, rangi ya maziwa, na ndani kwenye lebo ile alama ya ndoo iliyochorwa msalaba. Alinieleza kwamba binti yake anaolewa Jumamosi, na kwamba yeye kama baba atalivaa juu ya kanzu atakapomuozesha. Alikuwa amelivaa mara moja tu mwaka ule, siku alipowapokea watu wa mahari.

Watu wa mahari. Maana yake ukumbi umejaa, watoto wanapita katikati ya miguu, kreti za soda zinafunguliwa. Hata mjinga angeuliza. Mimi niliinama kwenye kitabu na kuandika kama alivyojitaja: mwalimu, Kilosa, harusi ya bintiye Jumamosi. Hali: nzuri. Madoa: hakuna. Kisanduku cha tatu nilikiruka. Yeye aliweka mikono yote miwili juu ya meza akabaki amesimama, kama mtu anayengoja jambo, na mimi nilichowaza ni kimoja tu: ondoka, mwalimu, kabla hujaniona.

"Ijumaa litakuwa tayari, mzee," nilisema, nikamsukumia risiti.

Aliisoma risiti muda mrefu kuliko inavyostahili. Akaikunja, akashukuru, akatoka.

Jumanne mchana nilisikia Mama anapiga kelele chumba cha pasi. Nilipofika, koti lilikuwa juu ya ubao, na kifuani upande wa kushoto palikuwa na doa la kahawia, pana juu, likichirizika hadi karibu na mfuko.

"Umeliunguza!" Mama alisema.

Fundi alikuwa amekwisha kuinua pasi juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hana silaha. "Mama, pasi ina uso. Ikiunguza inaacha uso wake, unaona ncha, unaona ukingo. Hili halina uso. Hili limetiririka."

"Mwezi uliopita ilikuwa shati la mchungaji."

"Lile niliunguza. Nikasema nimeunguza, nikalipeleka Msowero mwenyewe."

"Na sasa macho yako hayaoni tena kipimo cha joto, hutaki kusema." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepokea. Ulilikagua hili koti?"

Nililijua doa lile nilipoliona tu. Nilijua lina umri gani na lilitoka wapi. Nilijua pia kwamba nikisema sikukagua, Mama ataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, itanibidi niseme kwamba niliona aibu kuonekana nikiwa nimesimama kwenye duka alilolifungua yeye.

"Nimeandika hapo," nilisema.

Mama akafungua kitabu, akasoma. Fundi, ambaye kusoma kwake ni kwa kuhesabu herufi moja moja, hakukisogelea kitabu. Alinitazama mimi.

"Basi," alisema taratibu. "Kama Msomi ameandika, huenda ni mimi."

Akaishusha pasi.

Mama akamwambia kwamba Ijumaa atalipeleka koti Kilosa kama kawaida, na akitoka huko asirudi dukani, apitilize nyumbani kupumzika na uzee wake. Hakulisema kwa ukatili. Hilo lilinitesa zaidi. Alilisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua imeanza.

Jumatano fundi alipiga pasi kama siku zote, isipokuwa alikuwa anaongea peke yake. Nilidhani analaani. Nilipokaribia nikasikia: alikuwa anafanya mazoezi ya kuomba radhi.

"Msomi, huyo mwalimu ana umri gani?"

"Sijui. Amestaafu juzi juzi."

"Basi ni mdogo kwangu. Sasa hapo pana kazi. Yeye ataniamkia shikamoo, nitamwitikia marahaba, halafu nimwambie nimekuharibia koti? Marahaba itakwama hapa." Alijigusa kooni. "Bora angekuwa mkubwa, ningeanza kwa kuinama."

Nilicheka, na kicheko changu kikanitia kinyaa.

Alhamisi akanijia na karatasi ya daftari. "Watu wa kusoma wanapenda barua. Niandikie. Sema mimi mpiga pasi nimeharibu koti lake la kumuozeshea mwanawe, moto ulinizidi, sikukusudia. Andika vizuri, mwandiko wako unajua adabu."

Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili tu, na mashine ilikuwa imezimwa. Badala yake nilivuta kiti, nikaandika. Niliandika "moto ulinizidi" na mstari haukupinda hata kidogo. Nikamsomea. Akaipenda. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kuupiga kidogo kwa kiganja.

Usiku ule lile swali langu la ndiyo na si ndiyo lilikufa. Barua ilikuwa uongo mtupu, wa wino, na chini yake nilimwekea mtu mwingine jina la mkosaji. Lakini hata hapo niliendelea kujipigia hesabu. Labda nimwandikie Mama ujumbe wa simu. Labda niache kazi bila kusema, nafasi ibaki wazi, amrudishe. Labda mwalimu hatajali. Kila njia niliyoibuni ilikuwa na tundu dogo la mimi kupitia bila kuonekana. Kulipokucha niliona kwamba matundu hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta, wala sikuwa natafuta njia.

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa dukani mapema, amevaa shati alilolinyoosha mpaka lina makali. Koti lilikuwa kwenye mfuko wa nailoni begani kwake.

"Fundi, nirudishie ile barua. Nimekosea."

"Herufi?"

"Jina la aliyeharibu."

Hakunielewa, au alinielewa akaamua kunipa nafasi nilimalize mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni na funguo. Nikamwambia kwamba koti ni langu kulirudisha. Nikamwambia sikuligeuza, sikuliinua dirishani, sikuuliza. Kwamba mzee yule ni mwalimu wangu na nilijificha nyuma ya barakoa. Kwamba doa lile ni sukari. Nilisema kwa haraka na bila mpangilio, nikarudia mahali pamoja mara mbili.

Mama akasema, "Unamwonea huruma fundi."

"Hapana, Mama."

"Wewe ni mtu wa huruma na woga. Nitajuaje kwamba hili si moto kweli, nawe unajitia tu shujaa?" Akachana ukurasa wa nakala kutoka kwenye kitabu, akanipa. "Kisanduku cha tatu kiko wazi. Nenda kakijaze. Mwenye nguo akisema palimwagika kitu, fundi anarudi kwenye ubao wake na mimi nitamwomba radhi. Akisema hapakumwagika, yeye anakwenda nyumbani na wewe unamfuata."

Fundi alinikabidhi koti. Alilitoa begani mwake na kulilaza juu ya mikono yangu, mabega kwanza. "Usilikunje garini," alisema. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Kwenye gari la Kilosa nilivua aproni. Tulipopita vijiji vya njiani nikaivaa tena. Abiria wa pembeni akaniuliza kama nasikia baridi. Nilishuka stendi nikiwa nimeivua, nikatembea nayo mkononi kupita soko, na nje ya ua wa mwalimu, nikiwa nasikia vicheko vya wanawake ndani, nikaivaa na kufunga kamba kwa mafundo mawili ili nisiweze kuifungua haraka.

Uani walikuwa wanamenya vitunguu saumu. Kati yao alikuwa mama yangu, kisu mkononi, kwa sababu shughuli ya jirani ni ya wote.

"Mwanangu! Leo si siku ya kazi?"

"Niko kazini, mama."

Shangazi wa bibi harusi alinipima kutoka juu hadi chini. "Mbona aproni? Hoteli imekuhamishia jikoni?"

Wakacheka wote, mama naye akacheka kidogo, akingoja nieleze utani uko wapi. Mwalimu akatoka kwenye ukumbi aliposikia sauti yangu. Nikamwamkia, akaitikia, nikafungua zipu ya mfuko na kulinyanyua koti mbele yao wote. Doa lilikuwa wazi kuliko nilivyolikumbuka.

"Limeharibika, mwalimu. Niliyeliharibu ni mimi. Mimi ndiye niliyelipokea Mikumi, na sikulikagua."

Visu vilisimama. Shangazi ndiye aliyeanza: "Haya, kesho aweke tu mkono kifuani, kama wimbo wa taifa unapigwa." Mtu mmoja akamfinya.

Mwalimu alilisogelea doa, akalitazama kama alivyokuwa akitazama hesabu iliyokosewa, bila hasira, akitafuta hatua iliyopotea. Nilikuwa na swali moja la kuuliza, lile lile la Jumatatu, na lilikuwa zito vilevile. Kumuuliza mzee kwake, mbele ya shemeji zake, siku moja kabla ya ndoa ya mwanawe.

"Mwalimu, siku ya mahari, ulimwagikiwa na nini?"

"Umechelewa siku nne kuniuliza," alisema.

"Ulinitambua?"

"Barakoa inaziba mdomo, haizibi mwandiko. Hiyo 'k' yako yenye mkia niliisahihisha mwaka mzima ikanishinda." Akapunguza sauti, ingawa wote walisikia. "Sikumwambia mtu. Nilifikiri hutaki. Ilikuwa soda nyeupe. Mjukuu alinirukia na chupa. Nikafuta kwa leso, ikapotea, nikajua yamekwisha. Pale mezani kwako ilikuwa mdomoni niiseme, lakini niliona unataka niondoke."

Hakuna mtu aliyenitukana siku ile. Afadhali wangefanya hivyo. Mwalimu alisema atavaa lile koti jeusi la kustaafia, akaulizwa kama bado linamtosha, akajibu kwamba hatalifunga vifungo. Maongezi yakaanza kurudi polepole uani.

Nikatoa ule ukurasa wa nakala. Hapakuwa na meza, kwa hiyo nilipiga goti sakafuni ukumbini, nikauweka juu ya kiti cha plastiki, na kwenye kisanduku cha tatu nikaandika: Soda nyeupe, kifua, upande wa kushoto, siku ya mahari. Mwenye nguo hakuulizwa. Chini nikaandika jina langu lote kama lilivyo kwenye cheti cha chuo, nikaweka sahihi, nikampa mwalimu kalamu naye akaweka yake. Nilipoinuka nilimkuta mama amesimama mlangoni nyuma yangu, kisu bado mkononi, akiyasoma maandishi ya mgongoni mwangu, neno moja moja hadi mwisho.